Feni ya Kompyuta ya Mezani Inapiga Kelele: Namna ya Kuibadilisha Mwenyewe

Swali ninaloulizwa karibu kila wiki ni lile lile: "Fundi, kompyuta yangu inanguruma kama mashine ya kusaga. Ninunue feni gani?" Wengine hawaulizi kabisa. Wanakuja na feni mpya mkononi, na mara nyingi feni hiyo haiingii. Ama ni ndogo kwa sentimita moja, ama plagi yake haifanani na soketi ya mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta), ama iliyonunuliwa siyo iliyokuwa inapiga kelele.

Kufunga feni ni kazi ya nusu saa. Kujua ufunge feni ipi ndiko kunakowashinda watu, kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana hapo kabla hatujagusa bisibisi.

Nimeuandika nikizifikiria mashine zilizojaa kwenye ofisi, shule, steshenari na maduka ya dawa ya kwetu: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, ambazo nyingi zilitumika kwanza ughaibuni ndipo zikaja kuuzwa huku. Ni mashine imara, lakini feni zake zilishazunguka miaka mingi kabla hazijafika kwako, na zilipofika zikakutana na vumbi letu. Kama kompyuta yako umeiunga mwenyewe kipande kwa kipande, kazi ni hiyo hiyo na ni nyepesi zaidi, maana vipuri vyake ni vya vipimo vya kawaida.

Jua kwanza ni feni ipi inayolia

Kompyuta ya mezani huwa na feni mbili au tatu. Moja imekaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imefungwa kwenye kile kipande cha chuma chenye mbavu nyingi ambacho mafundi tunakiita hitsinki. Nyingine iko ukutani mwa kasha, kwa kawaida nyuma, wakati mwingine mbele. Ya mwisho imo ndani ya pawa saplai, lile boksi la chuma unalochomekea waya wa umeme. Kama una kadi ya picha ya kuchezea gemu, hesabu feni zake pia.

Sikiliza aina ya kelele, kwa sababu kila kelele ina chanzo chake.

Mlio wa kukwaruza au kunguruma unaokuwa mkali asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha ukapungua baada ya dakika kadhaa, ni beringi iliyokauka. Hiyo ndiyo feni ya kubadilisha. Mlio wa tk-tk-tk wa haraka usiobadilika mara nyingi ni waya unaoguswa na mapanga ya feni, na dawa yake ni kuusogeza waya tu. Mvumo mkubwa kama wa upepo, usio na mkwaruzo wowote, maana yake feni ni nzima ila inakimbia kwa kasi yote kwa sababu ndani kuna joto: vumbi limeziba mbavu za hitsinki au pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitsinki, imekauka. Ukibadilisha feni kwa kelele ya namna hii, feni mpya nayo itavuma vile vile. Mtetemo unaonyamaza ukiweka kiganja juu ya kasha ni skrubu iliyolegea.

Na kuna mlio mmoja wa kuuogopa: mgongano wa chuma, ka-ka, unaokatika na kurudi, huku kompyuta ikiganda ganda. Hiyo siyo feni, ni hadidiski inayokufa. Ukiusikia huo acha kila kitu, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje leo hii. Feni inaweza kusubiri.

Kuithibitisha feni yenyewe, fungua kifuniko cha pembeni (maelekezo yako hatua ya 1 na ya 2 hapa chini), kisha washa mashine ikiwa wazi. Vua mkufu, kunja mikono ya shati, funga ncha za mtandio mbali na mashine. Kunja karatasi iwe bomba refu, weka ncha moja sikioni na nyingine karibu na kila feni kwa zamu. Utaisikia tofauti mara moja. Kama bado una shaka, chukua penseli yenye ufutio, gusa kwa ufutio kile kiduara cha katikati kinachozunguka, uisimamishe feni kwa sekunde mbili au tatu. Kelele ikikatika, umeipata. Usitumie kidole, na usiguse mapanga yenyewe. Mapanga ya plastiki yakiwa kwenye mwendo huvunjika, na kidole huchanika.

Feni ya pawa saplai usiipime kwa penseli. Hapo tumia bomba la karatasi tu, ukisikilizia kwenye tundu la nyuma.

Karani mmoja wa duka la dawa aliniletea mashine ambayo alikuwa ameshaibadilisha feni ya prosesa, na kelele ikabaki. Alikuwa amelipia feni, amelipia na mtu wa kuifunga. Kelele ilikuwa ya pawa saplai tangu mwanzo. Sekunde tano za karatasi sikioni zingemwokolea fedha yake, na ndiyo maana nasisitiza hatua hii hadi watu wananichoka.

Kama ni pawa saplai, soma hapa usimame

Usifungue boksi la pawa saplai. Ndani yake kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 za umeme wa moja kwa moja, na hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Huo ni umeme wa kuua. Mpelekee fundi wa elektroniki, au ubadilishe pawa saplai nzima.

Ukiamua kubadilisha nzima, angalia plagi zake kabla hujalipa. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo za miaka ya karibuni hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Zina plagi zao wenyewe, na pawa saplai ya dukani haiingii humo.

Waliobaki, wenye feni ya kasha au ya prosesa, tuendelee.

Soma lebo, pima, hesabu pini

Feni ina mambo manne ya kujua kabla ya kwenda dukani: ukubwa, unene, umeme na plagi.

Ukubwa hupimwa kwenye fremu ya nje, siyo kwenye mapanga. Zilizo nyingi ni milimita 80, 92 au 120 kila upande. Hapo kwenye 80 na 92 ndipo watu wanapokosea, kwa macho zinafanana sana. Chukua rula. Ikiwa fremu imejificha, pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya tundu la jirani: milimita 71.5 ni feni ya 80, milimita 82.5 ni ya 92, milimita 105 ni ya 120.

Unene wa kawaida ni milimita 25. Lakini baadhi ya mashine za ofisini zina feni nene za milimita 38, na zile kompyuta nyembamba zina feni za milimita 15 au za umbo la konokono zinazopuliza kwa ubavu. Usidhani, pima.

Umeme umeandikwa kwenye stika ya katikati, kwa mfano DC 12V 0.25A. Volti lazima ziwe 12 kwa 12. Ampea za feni mpya ziwe karibu na za ya zamani. Soketi za feni kwenye mazabodi nyingi zimetengenezwa kubeba hadi ampea 1, kwa hiyo usichomeke limotori linalokula kuliko hapo. Wala usishuke mno: feni ya ampea 0.10 mahali palipokuwa na ya 0.60 itakuwa kimya kweli, lakini haitasukuma hewa ya kutosha, na mashine inaweza kuikataa kwa kuona inazunguka polepole.

Sasa plagi, ambayo ndiyo inayoleta safari za kwenda na kurudi dukani. Feni ya pini 3 ina waya wa hasi, waya wa volti 12, na waya unaoiambia mazabodi feni inazunguka kwa kasi gani. Feni ya pini 4 ina waya wa ziada ambao mazabodi huutumia kuiamuru iongeze au ipunguze kasi. Feni ya pini 4 huingia kwenye soketi ya pini 3 na hufanya kazi. Feni ya pini 3 nayo huingia kwenye soketi ya pini 4, ila kwenye mashine nyingi za ofisini itakimbia kwa kasi yote muda wote, na wewe ulikuwa unakimbia kelele. Kama ya zamani ilikuwa na pini 4, nunua ya pini 4.

Halafu kuna plagi za kampuni. Dell OptiPlex nyingi za zamani zina plagi ya pini 5, na baadhi ya mashine kubwa za kazi za HP zina pini 6. Ukikutana na hiyo, usitafute feni kwa ukubwa, itafute kwa namba ya kipuri. Kwenye stika ya feni ya Dell namba hiyo hutanguliwa na DP/N, ya HP hutanguliwa na SPS, ya Lenovo hutanguliwa na FRU. Piga picha ya stika nzima uende nayo.

Njia iliyo bora kuliko zote, kama unaweza kukaa siku moja bila kompyuta, ni kuichomoa feni ya zamani na kuibeba mkononi hadi dukani. Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, muuzaji akiiona hana la kubahatisha. Linganisha tundu kwa tundu, pini kwa pini, ukiwa pale pale kaunta.

Kwa feni za kampuni mara nyingi utakayoipata imetolewa kwenye mashine iliyokufa. Siyo vibaya, ila ipime. Ipulize kwa mdomo au izungushe kwa kidole: iendelee kwa ulaini na isimame taratibu, isikate ghafla. Kisha shika mapanga uyatikise kulia na kushoto. Yakicheza sana beringi imekwisha, irudishe.

Vitu vya kuandaa

Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati. Kwa HP nyingi za ofisini skrubu zina tundu la nyota ya pembe sita, saizi T15, lakini nyingi zimechongwa pia mstari wa katikati, hivyo bisibisi bapa hufaa. Brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, au mswaki mkavu. Tochi. Simu ya kupigia picha. Kibakuli cha skrubu, na kifuniko cha chupa ya maji kinatosha. Vikamba vya plastiki vya kubania nyaya.

Kama utang'oa hitsinki ya prosesa, ongeza tyubu ndogo ya pesti ya prosesa, spiriti ya hospitali na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kama utabadilisha feni peke yake bila kung'oa hitsinki, hivi vitatu huvihitaji.

Hatua za kazi

1. Hifadhi kazi yako, zima kompyuta kwa utaratibu wa kawaida, kisha chomoa waya wa umeme nyuma ya mashine. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, na kama mashine inalishwa na UPS, kuchomoa UPS ukutani hakutoshi pia, kwa sababu betri yake bado inaendelea kuilisha. Chomoa waya kwenye mashine yenyewe. Sasa bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Ondoa nyaya nyingine zote.

2. Laza mashine mezani, siyo kwenye zulia wala kitandani. Fungua kifuniko. OptiPlex nyingi zina kishikio cha kuvuta juu au nyuma, nyingine zina skrubu mbili nyuma. Kikigoma usitumie nguvu, tafuta skrubu au kufuli uliyoisahau. Kabla ya kugusa chochote ndani, gusa chuma cha kasha kisicho na rangi ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke. Rudia kila unapotoka na kurudi. Wakati wa ukavu, hasa Dodoma, Singida na kwingine bara, usilipuuze hili.

3. Piga picha. Piga ya jumla, kisha ya karibu ya kila plagi utakayoigusa na ya upande ambao feni imeelekea. Watu huruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto, kisha saa moja baadaye wananipigia simu kuuliza waya mwekundu ulikuwa wapi.

4. Toa vumbi, ukiifanyia kazi hiyo nje au barazani. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha piga brashi. Ukitumia blowa usiisogeze karibu sana, na usiache kuzuia feni: upepo wa blowa huizungusha kupita kasi yake na kuua beringi ya feni ambayo ilikuwa nzima. Mbavu za hitsinki ziangalie kwa tochi. Mara nyingi utakuta blanketi la vumbi kati ya feni na mbavu, limebanana kama sufi, na halionekani mpaka feni itoke.

5. Fuata nyaya za feni hadi kwenye soketi yake. Pembeni yake pameandikwa jina, kama CPU_FAN, SYS_FAN au CHA_FAN. Likariri, maana feni mpya itarudi hapo hapo. Shika plagi yenyewe, siyo nyaya, ivute juu taratibu ukiichezesha kidogo kulia na kushoto. Baadhi zina kibanio cha kubonyeza kwanza.

6. Ng'oa feni. Feni ya kasha hushikwa na skrubu nne kutoka nje, au na vipini vya mpira. Vipini vya mpira vivute taratibu kwa ndani, maana utavihitaji tena na vikikatika ni tabu kuvipata. Kwenye baadhi ya OptiPlex feni imo ndani ya kikapu cha plastiki kinachofunguka kwa kubonyeza ulimi. Shika feni kwa mkono mwingine unapofungua skrubu ya mwisho isije ikaangukia mazabodi.

7. Weka feni mbili sambamba mezani, ya zamani na mpya, zote zikiangalia upande mmoja. Hakikisha kwa mara ya mwisho ukubwa, unene na pini. Sasa upande wa hewa: feni huvuta hewa kwa upande ulio wazi na kuitoa kwa upande wenye ile miguu inayoshika mota. Nyingi zina mishale midogo kwenye fremu, mmoja wa mzunguko wa mapanga na mwingine wa upande hewa inakoelekea. Feni ya nyuma hutoa hewa nje, feni ya mbele huingiza ndani. Feni ya prosesa kwa kawaida hupuliza kuelekea kwenye hitsinki, lakini zipo mashine zinazovuta, kwa hiyo fuata picha uliyopiga hatua ya 3, siyo kumbukumbu.

8. Funga mpya. Feni mpya ina matundu ya plastiki ambayo hayajawahi kupitiwa na skrubu, hivyo mara ya kwanza huwa magumu. Sukuma bisibisi wakati unazungusha. Ingiza skrubu zote nne bila kuzikaza, kisha kaza kwa mkingamo, pembe hii kisha ile iliyo mkabala nayo. Kaza mpaka ishike, usizidishe. Fremu ikipindika mapanga yataigusa, na utakuwa umenunua kelele mpya.

9. Chomeka plagi kwenye soketi ile ile. Ina kijimfereji kinachokubali upande mmoja tu. Feni ya pini 3 kwenye soketi ya pini 4 huacha pini moja wazi pembeni, ni sawa. Waya uliozidi ukunje na uufunge kwa kikamba mbali na mapanga yote, kisha kata mkia wa kikamba.

Ikiwa ni lazima kung'oa hitsinki

Kwanza jiulize kama ni lazima. Kwenye hitsinki nyingi feni imefungwa juu kwa skrubu nne au vibanio vyake, na inatoka peke yake. Kama ni hivyo, iache hitsinki ikae. Ukiing'oa tu, hata kwa bahati mbaya, pesti ya zamani haifai tena na lazima upake mpya.

Kama haina budi, washa mashine kwa dakika tano hadi kumi kabla ya kuanza, ili pesti ilainike, halafu uzime na kuchomoa kama hatua ya 1. Kwa mashine za AMD zenye prosesa ya miguu hili ni muhimu mno. Pesti iliyoganda huing'oa prosesa pamoja na hitsinki na kupinda miguu yake. Usivute moja kwa moja juu. Zungusha kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie inaachia.

Hitsinki ya kawaida ya Intel ina pini nne za plastiki. Zungusha kichwa cha kila pini robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha vuta. Kabla ya kurudisha, rudisha vichwa vyote vinne mahali pake pa mwanzo. Hapa ndipo wengi hukwama: wanabonyeza pini ambazo bado ziko wazi, zinaingia na kutoka tu. Bonyeza mbili za mkingamo kwanza, kisha mbili nyingine, na kila moja utaisikia ikilia tak. Mashine za Dell na HP nyingi zina skrubu nne zenye springi; zifungue na kuzikaza kidogo kidogo kwa zamu, kwa mkingamo.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa na spiriti mpaka chuma king'ae, subiri pakauke. Weka pesti mpya katikati ya prosesa, kiasi cha punje moja ya choroko. Usiisambaze, mkandamizo wa hitsinki utaisambaza. Pesti nyingi haipozi zaidi, huvuja pembeni tu. Na dawa ya meno siyo pesti. Nimezifungua mashine zilizopakwa dawa ya meno na kukuta unga mweupe mkavu.

Washa kabla hujafunga kifuniko

10. Angalia kwa tochi kama hakuna skrubu iliyoanguka ndani. Zihesabu zilizo kwenye kibakuli. Rudisha waya wa umeme, skrini na kibodi, washa. Tazama feni zote: kila moja izunguke ndani ya sekunde chache. Feni ya prosesa isipozunguka, zima mara moja.

11. Shika kipande cha toilet pepa karibu na feni ya nyuma, upande wa nje ya kasha. Kikipeperuka kwenda nje, upande ni sahihi. Kikinyonywa, umeigeuza.

12. Ingia bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa mashine inapoanza kuwaka, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye Lenovo, utafute mahali panapoonyesha joto au kasi ya feni kama mashine yako inavyo. Ndani ya Windows programu ya bure ya HWMonitor huonyesha vyote viwili. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, prosesa iliyotulia ikisoma nyuzi 35 hadi 50 sina wasiwasi nayo. Ipe kazi, fungua video na mafaili mengi pamoja: ikifika 70 na kitu ni kawaida. Ikikaa juu ya 90, zima, kuna jambo halijakaa sawa kwenye hitsinki.

13. Iache ifanye kazi nusu saa, kisha zima, chomoa, rudisha kifuniko.

Kuhusu mafuta

Naulizwa sana kama feni inaweza kutiwa mafuta badala ya kubadilishwa. Inaweza, kwa muda. Bandua stika ya katikati upande wa mota, toa kizibo cha mpira kama kipo, dondosha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, safisha pembeni kwa spiriti, rudisha kizibo na stika. Kwangu mimi njia hii hunyamazisha feni kwa wiki au miezi kadhaa, nafasi ya kutosha kutafuta mpya. Feni zilizozibwa kabisa bila tundu usizitoboe. Mafuta ya kupikia usitumie hata kidogo: huganda kama gundi na kuimaliza beringi. Mafuta ya kulegezea kutu nayo hukauka upesi na kuiacha feni ikiwa kavu kuliko mwanzo.

Mambo yakienda kombo

*Feni mpya haizunguki.* Nane kati ya kumi plagi haijaingia mpaka mwisho, au imeingia kwenye soketi nyingine. Ichomoe, iingize tena. Kama bado, zima, zungusha mapanga kwa kidole uone kama waya haujayazuia. Kama bado, ijaribu kwenye soketi nyingine ya feni: ikizunguka huko, tatizo ni soketi, siyo feni.

*Kompyuta inawaka na ujumbe wa kosa.* HP huandika namba 512 ikiwa haioni feni ya kasha, na 511 ikiwa haioni ya prosesa. Bodi nyingine huandika CPU Fan Error na kukuambia ubonyeze F1. Maana yake ni kwamba mazabodi haipati habari ya kasi ya feni: plagi imelegea, feni haina waya wa tatu, au kasi yake ni ndogo kuliko mashine inavyotarajia. Usiizime tahadhari hiyo kwenye bayosi kwa feni ya prosesa. Siku feni itakapokufa kweli, hutaambiwa.

*Dell inasema kifuniko kilifunguliwa.* Hiyo ni swichi ya ulinzi ya kasha. Endelea kuwasha, kisha ifute taarifa hiyo kwenye bayosi.

*Feni inakimbia kwa kasi yote bila kupumzika.* Ama ni ya pini 3 kwenye soketi ya pini 4, ama umesahau kurudisha plagi ndogo ya kipima joto, ambayo kwenye baadhi ya mashine imo mbele ya kasha. Linganisha na picha zako. Vinginevyo soma joto. Likiwa juu, rudi kwenye vumbi na pesti.

*Inawaka dakika moja au mbili kisha inazima.* Hitsinki haijakaa. Pini moja ya plastiki imeachia, au hukupaka pesti. Usiendelee kuiwasha kujaribu.

*Haiwaki kabisa, skrini nyeusi.* Mkono wako umegusa kitu. Chomoa umeme, toa vipande vya ramu (vile vijibodi virefu vya kumbukumbu) uvirudishe mpaka vibanio vyake vilie, kisha hakikisha plagi zote za pawa saplai kwenye mazabodi zimekaa.

*Kelele bado ipo.* Rudi kwenye bomba la karatasi. Mara nyingi feni mbaya zilikuwa mbili, na ile iliyokuwa inalia zaidi ilikuwa imeificha mwenzake.

Feni ya zamani usiitupe kabla hujaikata waya wake pamoja na plagi, ukiacha urefu wa kutosha, hasa kama ni ya Dell yenye pini 5. Siku ukikosa kabisa feni ya namba hiyo, fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuunga plagi hiyo kwenye feni ya kawaida. Mwambie apime kazi ya kila waya na asifuate rangi, kwa kuwa rangi za kampuni moja hazilingani na za nyingine.